Pumzi ya Kuazima

"Siyo hapo, wifi. Ukichana hapo utaniharibia mkono wa kiti."

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya sofa lililopinduliwa miguu juu, koleo mkononi, aking'oa pini zilizoshika kutu moja baada ya nyingine. Zilikuwa zikimdondokea mapajani kama punje. Alikuwa ameziba pua na mdomo kwa kitambaa, na hiyo ilimsaidia kwa mambo mawili: vumbi lisiingie, na maneno yasitoke.

"Nakwambia chana kwa huku. Mama alikuwa analalia upande ule."

Mtu anaweza kushona makochi miaka kumi na minane, akatengeneza viti vya mapokezi ya ofisi na vitanda vya watu wanaolala chali hadi saa nne, lakini bado akaja wifi yake akamwonyesha pa kuchana. Na wifi huyu, dada mkubwa wa mume wake, hakuwa wa kunyamazishwa kirahisi. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Yeye alistaafu, sauti yake ikabaki kazini.

Sofa lenyewe lilikuwa la marehemu mama yao. Wifi alihamia nalo hapa nyumbani kwa mdogo wake mwaka jana, baada ya msiba, na tangu hapo halikukaliwa na mtu ila yeye. Sasa kulikuwa na wageni wanakuja mwisho wa wiki, marafiki zake wa zamani wa jikoni, na ghafla ikawa lazima lishonwe upya.

Fundi alikuwa na utaratibu wake. Sofa kuukuu hufunguliwa nje, upepo ukivuma, maana ndani yake kuna vumbi la watu wote waliowahi kulikalia. Asubuhi hiyo alilivuta hadi mlango wa karakana. Wifi akasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Nje? Watu wote wa mtaa huu waone matumbo ya sofa la mama?"

"Ni pamba na springi, wifi. Hakuna siri."

"Litafunguliwa humu ndani. Na huo mlango urudishe kidogo."

Fundi alimtazama, akahesabu gharama ya ugomvi, akaona ni kubwa kuliko faida. Akarudisha mlango.

Sasa wifi alikuwa amekaa juu ya marobota ya sponji, anapumua kwa nguvu. Siku hizi kila akitoka nyumba ya uani kuja kwenye karakana, hatua chache tu na ngazi tatu, ilikuwa lazima akae kwanza ndipo aanze kusema. Zamani alianza kusema akiwa bado jikoni. Fundi aliligundua hilo, akalichukulia kuwa ni nafuu ndogo aliyopewa na Mungu.

"Hicho kitambaa cha maua ndicho utakachotumia?"

Fundi akaendelea kung'oa pini.

"Wifi, nakuuliza. Ni hicho cha maua?"

"Ni hicho ulichokichagua mwenyewe!" Fundi alishusha kitambaa chake cha puani ili maneno yatoke vizuri. "Jana ulisema maua. Juzi ulisema mistari. Leo ukisema kingine nakuachia hili sofa na koleo!"

Na kwa hasira akaukamata mshono wa chini akauvuta kwa mkupuo mmoja. Kitambaa chote cha tumbo la sofa kikachanika. Likatoka wingu. Vumbi la kijivu, laini, lenye harufu ya dawa ya kuchua na miaka mingi, likamfunika uso kabla hajapata nafasi ya kukipandisha kitambaa.

Alikohoa. Akakohoa tena. Kisha kifua chake kikaanza kuimba, ile filimbi nyembamba anayoijua tangu utotoni, na akajua kwamba ugomvi wa maua umekwisha kwa sasa.

Pampu yake ya bluu ilikaa kwenye rafu ya nyuzi, kati ya nyuzi nyeusi na nyeupe, mahali ambapo angeweza kuifikia hata akiwa amefumba macho. Aliifikia. Akaitikisa, akaitia mdomoni, akabonyeza.

Ilisema *pssh*, kama kawaida yake. Lakini ule uchungu wa dawa haukufika kooni. Alibonyeza tena. *Pssh.* Upepo mtupu, baridi, kama kupulizwa na mtoto. Akaiangalia. Alikuwa ameifungua wiki mbili tu zilizopita, akatupa kasha lake kwenye ndoo ile pale. Haiwezekani iwe imekwisha. Akabonyeza mara ya tatu, na kifua kikazidi kubana, kana kwamba mtu anamkaza mkanda mbavuni tundu baada ya tundu.

"Lala chini, wifi, lala," wifi alikuwa amesimama sasa. "Ngoja nikupepee." Akaokota kitambaa alichochana Fundi, kile kile chenye vumbi, akaanza kumpepea nacho usoni.

Fundi alimpokonya. "Acha... kupepea." Kulala angelalaje? Alijivuta hadi kwenye kigoda, akakaa wima akaegemea mbele, viwiko juu ya magoti, akawa anatafuta hewa mahali ilipojificha.

"Mlango," alisema.

Wifi akaufungua mlango wote. Mwanga ukaingia, na mtaa ukayaona matumbo ya sofa. Wifi akarudi, akamtazama Fundi anavyobonyeza ile pampu, na sauti yake, ile ya kuita wanafunzi mia nne chakulani, ikatoka ndogo kama uzi.

"Labda imekwisha."

Fundi aliinua macho.

"Nilivuta kidogo," wifi alisema. "Kidogo tu. Asubuhi. Na jana jioni. Na... ile siku ya soko."

Kuna hasira ambayo inahitaji pumzi ili itoke. Fundi hakuwa nayo. Alibaki anamtazama tu, mabega yakipanda na kushuka, na katika maisha yake hakuwahi kuwa na maneno mengi kiasi hicho yasiyo na pa kupitia.

Wifi akatoka mlangoni akaita. Sauti ilikuwa imerudi. Mume wa Fundi, aliyekuwa akikata vioo chumba cha pili, alikuja mbio na penseli sikioni. Hakuuliza. Alimtazama mke wake, akatazama midomo yake ilivyoanza kupoteza rangi, akatoka nje akarudi na mkokoteni wa kubebea makochi. Juu yake kulikuwa na kiti kimoja cha mteja, kilichoshonwa nusu, springi zikichungulia ubavuni.

"Kaa hapo. Usilale. Kaa wima."

Hivyo ndivyo Fundi alivyopitishwa mtaani, ameketi kwenye kiti cha enzi kisicho na mgongo, akiishika mikono ya kiti kwa nguvu, mume wake akisukuma kwa nyuma na kusema "samahani, samahani, pisheni" kwa kila mtu. Muuza matunda alisimama. Watoto walianza kucheka, kisha wakaona uso wake wakaacha. Nyuma kabisa wifi alikuwa akija, nusu anatembea nusu anakimbia, kiatu kimoja mkononi, akipaza sauti: "Pisheni! Mgonjwa! Pisheni!" Mpaka walipofika kona ya zahanati, sauti hiyo ilikuwa haisikiki tena.

Nesi alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni, na alionekana amechoka tangu kabla hawajaingia. Lakini mikono yake haikuchoka. Alimkalisha Fundi, akambana kidole kwa kile kibanio kinachosoma hewa ya damu, akachomeka pampu mpya kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo.

"Bana midomo hapa. Usihangaike. Nabonyeza mimi, wewe pumua tu ndani ya chupa. Taratibu. Tena. Tena. Sasa natikisa, tunarudia."

Akabonyeza. Wakangoja. Akatikisa, akabonyeza. Uchungu wa dawa ukafika kooni, na Fundi hakuwahi kufurahia kitu kichungu kiasi hicho. Mkanda ulilegea tundu moja. Kisha jingine. Mikono ikaanza kumtetemeka na moyo kumwenda mbio, nesi akamwambia ni dawa hiyo, itatulia. Filimbi ya kifuani ikashuka, ikawa mluzi, ikawa mkwaruzo tu.

Mume wake alikuwa amesimama ukutani, penseli bado sikioni. Alipomsikia mkewe akisema "Niko sawa," alitoka nje. Walimsikia akipenga kamasi kwa muda mrefu.

"Haya," alisema nesi, akavaa miwani, akafungua faili lake. "Sasa tuongee. Hii ya bluu unaivuta mara ngapi?"

"Nikibanwa."

"Na unabanwa mara ngapi?"

Fundi akatazama dirishani. "Kazi yangu ina vumbi."

"Sijauliza kazi."

"Kila siku. Siku nyingine mara mbili, tatu."

"Na ile ya kahawia uliyoandikiwa na daktari? Ya asubuhi na jioni?"

Fundi akaanza kuchomoa uzi ulionasa sketini mwake.

"Ipo?"

"Ipo kabatini. Ile nayo, dada, haifanyi kitu. Nikivuta sisikii chochote."

Nesi alivua tena miwani. Ilionekana amewahi kuyasikia maneno hayo, na si leo tu. "Haifanyi kitu unachokisikia. Ile inatuliza mirija iliyovimba, polepole, kila siku, hata ukiwa mzima. Hii ya bluu inafungua njia kwa saa chache, basi. Ukiona unaihitaji kila siku, siyo kwamba dawa inafanya kazi vizuri. Ni kwamba pumu yako imekushinda na wewe unaifunika."

Fundi aliwafikiria wateja wake. Kila mwezi alikuja mteja na kochi lililooza springi, mkanda wa chini umekatika, mbao zimeliwa, na kila mmoja alisema sentensi ile ile: *Fundi, wewe nivalishe tu kitambaa kipya.* Na kila mara Fundi alikasirika hadi akapandisha sauti. Kitambaa kipya juu ya uozo! Mtu atakaa siku mbili atumbukie!

"Nionyeshe unavyovuta," alisema nesi.

Fundi akaichukua pampu, akaitikisa, akapanua mdomo, akabonyeza, akafumba mdomo.

"Umeulisha ulimi," alisema nesi. "Mapafu yamebaki na njaa. Toa pumzi kwanza, yote. Bana midomo vizuri. Anza kuvuta polepole, *ndipo* ubonyeze, na uendelee kuvuta. Kisha izuie kifuani, kadiri unavyoweza bila kujitesa. Kabla ya mpulizo mwingine, ngoja kidogo, tikisa tena. Na kama umefuata maelekezo ya daktari na bado unabanwa, au nafuu inakuja na kukimbia, usijikalie nyumbani unabonyeza tu. Njoo kama ulivyokuja leo. Kwa mkokoteni, kwa punda, kwa chochote."

Fundi akajaribu. Akakosea. Akajaribu tena, kwa ile subira aliyokuwa akiitumia kupitisha uzi kwenye sindano nene, na mara ya tatu nesi akatikisa kichwa kukubali.

"Ila leo sikukosea mimi," Fundi alisema, hasira ikirudi pamoja na pumzi. "Leo pampu ilikuwa tupu, na niliifungua wiki mbili tu zilizopita. Na ilikuwa inalia *pssh*, kama nzima."

"Gesi hubaki hata dawa ikiisha. Usiiamini sauti. Lakini kwa nini iishe upesi hivyo?"

Fundi aligeuka mlangoni. Wifi alikuwa amefika. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, kiatu bado kwenye mkono mwingine, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu. Uso huo ndio uliomfanya nesi ainuke.

"Mama, kaa hapa. Wewe ndiye uliyekuwa unaivuta?"

"Kidogo."

"Una pumu?"

"Sina."

"Nani alikuandikia?"

"Nilikuwa naazima tu," wifi alisema, kana kwamba anazungumzia chumvi au sufuria.

Nesi alichuchumaa. Hakumgombeza. Alishika mguu wa wifi usio na kiatu, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, akauachia. Shimo likabaki. Fundi aliliona kutoka pale alipokaa. Anaijua sponji iliyochoka: unaibonyeza, unaondoa mkono, nayo hairudi. Aliangalia lile shimo kwenye mguu wa wifi yake likikawia kujaa, na hasira yote aliyokuwa ameiandalia maneno mazuri ikakosa pa kukaa.

Nesi akasikiliza kifua, mgongo, akapima presha, akapima tena. "Unalala mito mingapi?"

"Naketi," alisema wifi. "Kwenye sofa. Nikilala chali nazama."

"Tangu lini?"

Wifi akatazama kiatu kilichokuwa mkononi mwake.

"Mama, hii si pumu. Nadhani ni moyo, na hospitali kubwa ndiyo itakayosema kwa uhakika. Lakini ile dawa ya mwenzio kila ukivuta unauchapa moyo kiboko wakati wenyewe umechoka. Unakwenda leo. Nawaandikia sasa hivi."

"Leo haiwezekani. Nina wageni. Na sofa liko wazi."

"Wifi!" Fundi alipaza sauti, akakohoa. Nesi akamwonyesha kidole kumtuliza. "Siku zote hizi unaiba dawa yangu, nusura nife chini ya sofa lako, na bado unaniambia habari za wageni? Kwa nini hukusema?"

Wifi alikuwa akivaa kiatu chake. Hakikuingia. Alikisukuma, akakisukuma, mwishowe akakiacha.

"Mama alianza hivihivi," alisema. Hakumtazama mtu. "Kwanza ngazi. Kisha miguu. Kisha akahamia kwenye sofa, hakulala tena kitandani mpaka siku ile. Mimi ndiye nilikuwa namgeuza. Ilipoanza kwangu nikasema hapana, hii itakuwa pumu. Watu wa pumu wana pampu yao, wanavuta, wanaendelea na kazi. Wewe unavuta, unaendelea na kazi. Unanifokea mpaka jioni." Akakisogeza kiatu kando kwa kidole cha mguu. "Nikasema, bora niwe na ugonjwa wa wifi."

Nje mkokoteni ulilia gurudumu. Mume wa Fundi alikuwa akiusogeza kuwapisha watu. Nesi alijifanya anatafuta kalamu.

"Ungeomba," Fundi alisema hatimaye.

"Ungenipa?"

"Nisingekupa! Ningekuburura hapa kwa sikio!"

"Ndiyo maana sikuomba," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilikuwa na kicheko ndani, kidogo tu.

Mchana walikuwa hospitali kubwa, kwenye benchi la ukorido uliopakwa rangi ya kijani hadi nusu. Mume wa Fundi alikuwa amerudi kufunga karakana na kumweleza mwenye kiti kwa nini kiti chake kimeonekana zahanati. Fundi alikuwa na pampu yake mpya mfukoni, yake peke yake, na alikuwa ameshamwambia wifi hivyo mara tatu njiani. Kifua kilikuwa kinamuuma kama aliyebeba mizigo. Alitaka kulala. Badala yake alikuwa akisikiliza malalamiko kuhusu benchi.

"Lina mbao tupu. Wewe ungeliwekea hata sponji."

"Nitawaambia unawasalimu."

Kijana wa kipimo cha moyo akafungua mlango akataja zamu yao. Akamtazama wifi juu mpaka chini. "Mama, hizo bangili zivuliwe kabla hatujaanza."

"Hazitoki."

"Lazima, mama."

"Nimezivaa wewe hujazaliwa. Hazitoki."

Kijana akamtazama Fundi, kama watu wanavyomtazama mtu mwenye ng'ombe aliyelala barabarani. Fundi akainuka. Alimshika wifi kiganja, akampeleka kwenye sinki la ukorido, akafungua maji. Kiganja kilikuwa kimevimba. Bangili zote nne zilikuwa zimezama kwenye nyama ya kifundo na kuacha mifereji. Fundi alikisugua kwa sabuni, akakikunja kidole gumba ndani, akaibana mifupa ya kiganja polepole, pande zote, kama anavyopitisha kona ya kitambaa kigumu kwenye fremu. Wifi alisema "polepole" na "unaniua" na "nani kakufundisha," kisha akaacha kusema. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakwama kwenye fundo, ikatoka. Mkono ulipobaki mtupu ulionekana mkono wa mtu mwingine.

"Usizipoteze."

"Nizipoteze niende nazo wapi?"

"Nakwambia tu."

"Ingia, wifi."

Wifi aliingia. Mlango ukafungwa. Kwa muda sauti yake ilipita chini ya mlango, ikimuuliza kijana kwa nini kitanda kimeinuliwa hivyo, na kwa nini hizo waya zake ni za baridi, na kama mama yake anajua kwamba anafanya kazi bila kunyoa. Kisha kijana akasema kitu kifupi, na pakawa kimya.

Fundi hakuwa na mfuko wa kutosha. Akazivaa bangili mkononi mwake. Zilimteleza mpaka karibu na kiwiko, zikagongana, zikalia. Aliinua mkono, akauweka hewani zisitoe sauti, akaupeleka uso karibu na mlango, akasikiliza.